Siku Tuliyokitengeneza Kiwanja Chetu

Kiwanja cha mpira ni mali ya namna yake. Siku ya mchezo wenyewe huwa wengi kupita kiasi. Kila mtu asema "kiwanja chetu", na vijana wa mtaa mwingine wakija kucheza bila ruhusa, ugomvi hauko mbali. Lakini nyavu zikitatuka, mtaro ukijaa takataka, mistari ikifutika, uliza kiwanja hiki ni cha nani, nawe hutapata wa kukujibu. Wala jambo hilo si la kiwanja peke yake. Ndivyo ilivyo kwa kisima cha mtaa, kwa madawati ya shule, na kwa daraja la miti juu ya kijito. Vitu vya wote huzeeka upesi kuliko vitu vya mtu mmoja. Leo nataka kuwaeleza, ndugu wasomaji, jinsi sisi watu wa chama kimoja kidogo cha mpira hapa Lubumbashi tulivyokutana na jambo hilo, tukashindana kwa maneno, kisha tukashika majembe, na mambo tuliyojifunza.

Katika mji wetu mpira wa miguu si mchezo mdogo. Mwaka 1939, mji ulipokuwa bado ukiitwa Élisabethville, watawa Wabenediktini wa shule ya Saint-Boniface waliwaundia wanafunzi wao timu, wakaipa jina la Mtakatifu Georges, msimamizi wa skauti. Timu hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Englebert, kisha Mazembe. Ilitwaa kombe la vilabu vya Afrika mwaka 1967 na 1968, ikalitwaa tena mwaka 2009, 2010 na 2015. Mwezi wa Desemba 2010 ilifika mchezo wa mwisho wa kombe la vilabu la dunia huko Abu Dhabi, na kabla yake hakuna timu ya Afrika iliyopata kufika hapo. Mshindani wake wa siku zote, Lupopo, mpaka leo huitwa Saint-Éloi, jina la mtakatifu msimamizi wa wahunzi na mafundi wa vyuma. Mimi nalipenda sana jina hilo la pili, kwa maana siku ninayotaka kuieleza ilikuwa siku ya wahunzi kuliko siku ya wachezaji.

Chama chetu si Mazembe wala Lupopo. Ni chama cha vijana wa mtaani na wazazi wao, nami, mwalimu wa shule ya msingi, nawawekea daftari la majina na la fedha. Kiwanja kiko pembezoni mwa mji, upande wa Katuba. Urefu wake ni mita 96, na upana mita 60. Hakina ukuta wala jukwaa. Upande wa mashariki pana mtaro wa kupitishia maji ya mvua, na nyuma ya goli la kaskazini pana vichuguu viwili vikubwa vya mchwa, virefu kupita paa la nyumba, kama vile wanavyovijua watu wote wa Katanga.

Mwezi wa Agosti 2024, katika siku za vumbi jingi, mtoto mmoja wa miaka tisa hivi aliurukia mwamba wa goli akaning'inia, kama watoto wote wapendavyo kufanya. Mlingoti wa kulia ukaanza kuinama. Kijana mkubwa aliyekuwa karibu akamdaka yule mtoto kiunoni, akamvuta pembeni, na goli lote likalala chini taratibu, kama ng'ombe aliyechoka. Hakuna aliyeumia. Tulipokwenda kutazama, tuliona kwamba lile bomba la chuma, kwa juu, lilikuwa zima na limepakwa rangi nyeupe nzuri. Lakini pale linapoingia ardhini lilikuwa limeliwa na kutu hata limekuwa jembamba kama karatasi. Fundi mmoja alitueleza sababu. Chuma kilicho hewani hulowa, kisha hukauka. Chuma kilichozama chini kabisa hakipati hewa nyingi. Bali pale ardhi na hewa zikutanapo, unyevu na hewa hukaa pamoja siku nyingi, na hapo ndipo kutu hupata chakula chake. Kwa hiyo mlingoti hufa miguuni, na rangi ya juu haikuambii neno.

Mtu asidhani kwamba hilo ni jambo dogo. Goli kubwa la chuma laweza kupita uzito wa kilo 100. Nchini Marekani, tume ya serikali inayoangalia usalama wa vitu vya kutumiwa na watu imehesabu vifo zaidi ya 30, tangu mwaka 1979, vya watu walioangukiwa na magoli, na wengi wao ni watoto. Ndiyo maana kanuni ya kwanza kabisa ya mchezo wa mpira, kabla haijasemwa habari ya refa wala ya wachezaji, yaagiza kwamba goli lishikwe imara ardhini.

Jumapili iliyofuata, baada ya Misa, wazazi na vijana walikutana chini ya mwembe. Kila mtu alikubali kwamba kiwanja kitengenezwe kabla ya mvua, na tarehe ikawekwa: Jumamosi, 21 Septemba. Hapo hapakuwa na ubishi. Ubishi ulianza pale kijana mtunza hazina aliposimama na kusema, "Wazee wetu, twawajua watu. Tukisema njoni kwa mapenzi, watakuja kumi. Yafaa tuandike majina yote, na asiyekuja atozwe faranga 5,000." Vijana wengi walimpigia makofi. Na kwa kweli hakusema upumbavu, maana nani hajawaona watu wale wale watano wakifanya kazi ya watu hamsini?

Ndipo akasimama mzee mmoja, fundi wa reli aliyestaafu, ambaye kwa kawaida hukaa kimya katika mikutano. Alisema maneno ambayo nimeyashika mpaka leo. "Mwanangu," alimwambia yule kijana, "kazi unayotaka kutupa mimi naijua. Nilikuwa kijana kama wewe wakati wa salongo. Filimbi ilipigwa Jumamosi, tukatoka na mafagio kwa kuogopa. Wakubwa walisimama kivulini na mikono safi, wakihesabu vichwa. Tulifagia mpaka walipoondoka. Jumatatu uchafu ulikuwa umerudi, na hakuna aliyeona haya, kwa maana haukuwa uchafu wetu, ulikuwa uchafu wa filimbi. Ukiweka faini, utapata watu. Kiwanja hutapata."

Watoto wa siku hizi huenda hawaelewi uzito wa maneno hayo, basi nitaeleza kidogo. Katika nchi yetu neno "kujitolea" lina historia ngumu. Wakati wa Wabelgiji, sheria ya mwaka 1917 iliwalazimisha watu wa vijijini kulima mazao yaliyotakiwa na serikali kwa siku 60 kila mwaka. Na wakati wa vita, mwaka 1942, siku hizo zikaongezwa zikawa 120. Baadaye, katika miaka ya 1970, serikali ya Mobutu ilianzisha salongo, neno la Kilingala, yaani kazi ya pamoja ya kila juma kwa ajili ya usafi, barabara na mashamba. Kwa jina ilikuwa kazi ya uzalendo, kwa vitendo ilikuwa ya lazima. Basi babu alilazimishwa, baba alilazimishwa, na mjukuu akisikia leo wito wa "kazi ya wote", moyo wake wajikunja kabla hajauliza ni kazi gani. Tusiwaite watu hao wavivu. Wengi wao hufanya kazi tangu alfajiri hata usiku kwa ajili ya watoto wao. Wanachokiogopa ni filimbi.

Lakini yule kijana naye hakukubali upesi. Aliuliza kwa heshima, "Baba, kama hakuna faini, ni kitu gani kitakachomleta mtu?" Swali hilo lilikuwa la haki, na mzee hakuwa na jibu tayari. Jibu lilitoka kwa mama mmoja auzaye mboga sokoni. Alisema, "Mimi Jumamosi siwezi kuja. Jumamosi ndiyo siku yangu ya kupata fedha za bukari ya juma zima. Dada yangu naye ni muuguzi, atakuwa ametoka zamu ya usiku. Mkiandika majina ya wasiokuja, mtatuandika sisi, na wanaokaa bure watakuja kusimama mkono kiunoni, nanyi mtawasifu. Msiandike watu. Andikeni kazi. Kisha kila mtu achague yake, na siku aiwezayo."

Tukaandika kazi. Nilichukua kalamu, na kwa muda wa saa moja watu wakataja kila kitu kilichohitaji mkono: milingoti minne, nyavu mbili, mtaro wa mita 60, mashimo mbele ya magoli, mistari, vigingi vya bendera za pembeni, jiko la siku hiyo, maji ya kunywa. Karatasi ilipojaa, kila kazi ikasomwa kwa sauti, na mwenye kuitaka akainua mkono. Yule mama wa sokoni alichukua nyavu, maana zaweza kushonwa jioni nyumbani. Muuguzi alichukua sanduku la dawa za majeraha. Mzee wa reli alichukua milingoti. Mwishoni zilibaki kazi tatu zisizo na mwenyewe, na kijana mtunza hazina akazichukua zote tatu huku watu wakicheka, naye akicheka pamoja nao.

Siku yenyewe ilipofika, mijakaranda ya mjini ilikuwa imekwisha kuchanua, na joto lilikuwa limeanza kupanda. Walikuja watu wengi kuliko alivyobashiri yule kijana, ingawa si wote walioahidi.

Kazi ya kwanza ilikuwa milingoti. Mzee aliamuru yote minne ing'olewe, hata ile mitatu iliyoonekana mizima. Akaigonga kwa nyundo ndogo kutoka juu hata chini, akisikiliza. "Chuma kizima hulia," alituambia, "kilichooza hukohoa." Mlingoti mwingine ukakutwa umekohoa vibaya kama ule wa kwanza. Basi mafundi wakakata miguu iliyooza, wakaingiza ndani ya bomba kipande cha bomba jembamba zaidi ili kiunge ya zamani na mpya, wakachomelea. Katikati ya kazi umeme wa mtaa ulikatika, lakini fundi alikuwa ameleta jenereta, kwa kuwa aujua mji wake. Kila mguu ulisuguliwa kwa brashi ya waya, ukapakwa lami, ukasimamishwa ndani ya shimo la sentimeta 60, na kumiminiwa zege. Na uso wa zege haukuachwa tambarare. Waliuinua kidogo kuzunguka mlingoti, kama kilima kidogo, ili maji ya mvua yatiririke kwenda nje yasituame penye chuma. Wavulana walishika timazi na pimamaji kwa zamu, mpaka goli likasimama wima, mita 7.32 kati ya mlingoti na mlingoti, na mita 2.44 kutoka chini hata mwambani.

Mbele ya kila goli palikuwa na shimo, pale mlinda mlango anaposimama na kuruka mwaka mzima. Baadhi ya vijana walitaka kulijaza mchanga. Wazee wakakataa, kwa kuwa mchanga hukimbia na mvua ya kwanza. Wakatupeleka kwenye vichuguu. Udongo wa kichuguu ni mfinyanzi ambao mchwa huuleta chembe kwa chembe kutoka chini, na watu wa Katanga wameutumia siku zote kwa matofali na sakafu za nyumba. Tuliuponda, tukaunyunyizia maji kidogo, tukautandaza kwa tabaka nyembamba, na kila tabaka ikashindiliwa kwa gogo zito kabla ya kuweka nyingine. Ukiuweka wote kwa mara moja, juu hukauka na chini hubaki laini, na baada ya juma moja shimo hurudi. Kazi hiyo yachosha mabega, lakini watoto waliipenda, wakaimba wakishindilia.

Mtaro ulikuwa kazi ndefu kuliko zote. Hapa kwetu mvua za mwaka hufika karibu milimita 1,200, na karibu zote hunyesha kati ya Oktoba na Aprili. Kwa hiyo mtaro usiofanya kazi miezi hiyo ni shimo la mbu, na kiwanja chote hugeuka bwawa. Tulitoa mifuko ya plastiki, chupa, viatu visivyo na jozi, na tope jeusi kwa mikokoteni mingi. Kisha mwashi mmoja akavuta uzi kutoka mwanzo hata mwisho, tukaona kwamba katikati mtaro ulikuwa umeinuka. Maji yalikuwa yakipanda kilima! Miaka yote watu walilaumu takataka, kumbe takataka zilikusanyika hapo kwa sababu maji yalisimama. Tulichimba upya sehemu hiyo mpaka mteremko ukawa mmoja.

Kwa mistari niliwaita wanafunzi wangu wa darasa la sita. Pembe za kiwanja lazima ziwe za mraba kamili, la sivyo upande mmoja huwa mrefu kuliko mwingine. Tulichukua kamba, tukaifunga mafundo katika mita 3, mita 4 na mita 5, tukaivuta kwa vigingi vitatu iwe pembetatu. Mahali upande wa mita 3 ukutanapo na upande wa mita 4 pana pembe mraba, bila kosa. Waashi wa kale walijua jambo hilo, na wanafunzi walikuwa wamelisoma ubaoni: tatu mara tatu ni tisa, nne mara nne ni kumi na sita, jumla ishirini na tano, nayo ni tano mara tano. Msichana mmoja aliyekuwa akilalamika darasani kwamba hesabu hiyo haina kazi duniani alishika kamba ile kwenye pembe zote nne, wala hakumruhusu mwingine aishike.

Mtu mmoja alikuwa ameleta gunia la chokaa iliyochomwa, mzigo wa thamani aliotoa bure. Mzee wa reli akamshukuru sana, kisha akaliweka gunia kando kwa ajili ya kupaka kuta. Chokaa iliyotoka tanuruni ina kiu ya maji: ikikutana nayo huchemka, na ikiingia jichoni mwa mchezaji aliyeanguka yaweza kulipofusha. Kwa mistari tulitumia unga wa mawe ya chokaa yaliyosagwa tu bila kuchomwa, ambao haumwumizi mtu. Upana wa mstari usizidi sentimeta 12. Watoto waliumwaga kutoka kopo lililotobolewa, wakifuata uzi.

Saa nane mama zetu waliita watu wale. Palikuwa na bukari, sombe, samaki wadogo, na munkoyo baridi ndani ya ndoo. Yule mama wa sokoni akafika jioni na nyavu mbili begani. Kumbe hakuzishona peke yake. Jirani yake, mtu wa Kasenga aliyekulia katika uvuvi wa mto Luapula, alimfundisha fundo la wavuvi, na kila tundu lililokuwa limetatuka lilifumwa kwa sindano ya mti hata hujui ni lipi la zamani na lipi jipya. Mtu huyo wa Kasenga si mwanachama wetu wala hapendi mpira. Alisema tu kwamba hawezi kuuona wavu umetoboka akalala usingizi.

Siku ilipokwisha, baba wa mchezaji mmoja, ambaye kazi yake ni katika uwanja wa ndege wa Luano, alinivuta kando. "Mwalimu," alisema, "mmefanya vyema. Lakini baada ya miaka mitatu nani atakumbuka mlingoti upi ulioungwa? Kwetu ndege ina daftari lake. Kila msumari uliobadilishwa umeandikwa, na fundi ametia sahihi. Bila sahihi ndege hairuki." Akanieleza pia habari za vyama vya watu warukao kwa ndege zisizo na mtambo. Ndege hizo huvutwa juu kwa kamba, kisha huachwa zielee, nazo hutafuta hewa ya moto ipandayo kutoka ardhini, kama afanyavyo mwewe anapozunguka bila kupiga mbawa juu ya mlima wetu wa mabaki ya shaba. Katika vyama hivyo, alisema, wanachama wenyewe hukusanyika miezi ya baridi, hufungua ndege, huzisafisha, huzisugua na kuzipaka mafuta, na mkaguzi mwenye cheti huja kutazama kazi yao. Mwanafunzi na tajiri hushika kitambaa kimoja. Hakuna anayemlazimisha mwenziwe kwa faini, maana kila mmoja ajua kwamba kesho atakaa ndani ya chombo kile kile, na kwamba juu angani hakuna mahali pa kusimama ukarekebishe.

Maneno hayo yalinipa jibu la swali la yule kijana. Kitu gani humleta mtu kazini pasipo filimbi? Humleta kujua kwamba uzima wa mtu fulani, mwenye jina na uso, umo mikononi mwake. Sisi hatupandi ndege, lakini yule mtoto wa miaka tisa alikuwa amening'inia juu ya kazi yetu, kama rubani anavyoning'inia juu ya kazi ya fundi wake.

Basi tukanunua daftari la kiwanja, lenye jalada gumu. Kila kitu kina ukurasa wake: mlingoti wa kwanza, wa pili, wavu wa kaskazini, mtaro. Kila ukurasa una jina la mlinzi wake wa mwaka mzima, na kila akikikagua huandika tarehe na alichokiona. Hatuandiki nani hakuja. Twaandika kitu gani kilitazamwa, na kitu gani bado.

Nisiwadanganye, ndugu wasomaji, kwamba tangu siku hiyo mambo yote ni asali. Mvua kubwa za Novemba zilipokuja, maji yalipita katika mtaro kama yalivyoagizwa, na goli la kaskazini halikutikisika. Lakini siku ya pili ya kazi, mwezi wa Machi 2025, hawakuja hata nusu ya watu wa kwanza, na kijana mtunza hazina alinitazama kwa jicho la kusema, "Si nilikuambia?" Tukafungua daftari. Tukaona kwamba ukurasa wa mtaro ulikuwa umeandikwa kila juma la mvua, kwa mwandiko wa watoto wawili wa darasa la sita. Wavu ulikuwa umefumwa mara mbili. Mlinzi wa mlingoti wa tatu alikuwa amehamia Likasi, na ukurasa wake ulikuwa mtupu tangu Desemba. Kwa hiyo hatukuhitaji watu hamsini siku hiyo. Tulihitaji mlinzi mmoja wa mlingoti mmoja, naye akapatikana kabla ya adhuhuri. Yule kijana ndiye aliyetia jina lake.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Sisi wenye haraka twauchukua usemi huo kama onyo la gharama tu. Lakini ona kwamba haukusema "wasipoziba". Umesema "usipoziba", ukamwambia mtu mmoja. Ufa wa watu wote haumwiti mtu yeyote. Ufa wenye mlinzi huzibwa.

Kwa hiyo, ewe kijana, ukiwa na chama cha mpira, cha kwaya au cha skauti, fanya hivi. Kabla ya kuhesabu wanachama, hesabu vitu. Andika kila kitu ambacho kikiharibika chaweza kumwumiza mtu, na hicho kiangaliwe kwanza, hata kama kimepakwa rangi nzuri. Gonga milingoti, usikilize. Mpe kila kitu mlinzi mmoja, na kila mlinzi ukurasa mmoja. Asiyeweza kuja Jumamosi mwachie kazi ya jioni. Nanyi wakubwa, msisimame kivulini. Mtoto atakayeiona mikono ya baba yake ina lami atakuja kazini bila kuitwa, na siku moja atawaonyesha wengine jinsi ya kuvuta kamba ile ya mita tatu, nne na tano.